Sinia Iliyovuka Bahari Mara Mbili: Vyakula Tulivyovikuta Omani

Katika vitabu hivi vya mwaka tumekwisha soma mengi juu ya safari za wazee wetu: vyombo walivyopanda, hati za kusafiria walizozihangaikia, miji waliyopitia kabla ya kutua Maskati. Juu ya chungu na sinia tumesoma machache mno, utadhani watu hawa walifika wakakaa zaidi ya miaka hamsini bila ya kula. Na hali mgeni akishaamka katika nchi ngeni, siku ya pili yake tu, jambo la mwanzo analolitaka kujua ni mkate unauzwa wapi na unaliwa na nini. Kwa hivyo mwaka huu nimeona nichukue upande wa jikoni, niwaeleze wasomaji wetu, khasa vijana waliozaliwa hapa, wazee wao walikuta nini kwenye sinia za Omani, kipi walikitambua, kipi kiliwashangaza, na kipi walichokileta wao.

Lakini tarehe kwanza, maana historia bila ya tarehe ni hadithi ya barazani. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, akafa safarini baharini mwaka 1856. Mwaka 1861 dola yake ikagawanywa kwa uamuzi wa Waingereza, Omani ikawa mbali na Unguja ikawa mbali. Majahazi hayakuusoma uamuzi ule. Kila kaskazi iliposhika yaliteremka kutoka Sur, Maskati na bandari za Ghuba na shehena za tende na papa mkavu na chumvi, na ilipopiga kusi yakarejea na boriti, nazi na karafuu. Boriti za mikoko ya kwetu ziko mpaka leo juu ya dari za nyumba za kale za Omani. Mtu akiinua kichwa atazitambua. Tusemavyo basi kuwa wazee wetu walifika ugenini, tukumbuke kuwa vyakula vya pande mbili hizi vilikuwa vimekwisha juana zamani kuliko wao.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliwatawanya watu. Wako waliokwenda Mombasa na Dar es Salaam, wako waliofika Cairo, Dubai, Kuwait, na Uingereza. Waliotaka kuingia Omani kwenyewe hawakupata wote, maana Sultani Said bin Taimur hakuwa mwepesi wa kufungua mlango. Mlango ulifunguka alipotawala Sultani Qaboos tarehe 23 Julai 1970, akawaita Waomani walioko nje warudi wajenge nchi. Waliorudi waliikuta Maskati yenye milango ya mji iliyokuwa ikifungwa usiku, nchi nzima ikiwa na skuli tatu tu za serikali na barabara ya lami isiyozidi kilomita kumi hivi. Kwa nasaba walikuwa wenyeji. Kwa sahani walikuwa wageni, na kwa ulimi vile vile, maana wengi wao, khasa akina mama, Kiarabu chao kilikuwa cha sala na salamu. Wenyeji wakawaita Wazinjibari, na jina hilo lilisemwa kwa namna mbalimbali, nyengine za mapenzi na nyengine zisizokuwa za mapenzi.

Nianze na kile kilichowafurahisha mapema. Bibi mmoja wa kwetu, aliyefika na wanawe kwenye kijiji cha babu zake upande wa Sharqiyah, alikuwa akisimulia kuwa siku ya Idi ya mwanzo aliletewa bakuli lililofunikwa kutoka nyumba ya jirani. Akafunua. Ndani mlikuwa na bokoboko. Jirani akasema jina lake ni harisi, naye akasema hapana, hili ni bokoboko, nalijua, nimelisonga tokea mdogo. Na mabishano yao yalikuwa ya mikono, maana hapana aliyeisikia lugha ya mwenziwe. Ngano ni ile ile iliyotwangwa, nyama ni ile ile iliyochemka mpaka ikaachana na mifupa, na kazi ni ile ile ya kupiga na kupiga kwa mti mpaka vitu viwili viwe kitu kimoja, kisha samli juu. Tafauti ni ndogo. Kwetu wako wanaotia vitunguu vya kukaanga, na wako wanaonyunyiza sukari, jambo ambalo mtu wa Nizwa akiliona hugeuza uso. Mwaka 2023 shirika la UNESCO liliandika harisi katika orodha ya urithi wa wanaadamu, kwa jina la Omani, Saudia na Imarati kwa pamoja. Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu hazikutajwa. Mimi nasema tu kuwa ningalikuwapo mkutanoni ningaliinua mkono.

Si bokoboko peke yake. Kaimati zetu za Ramadhani ziko hapa kwa jina la luqaimat, mviringo ule ule, shira ile ile. Halua ni halua. Hapa huipika kwa wanga, sukari, samli, zaafarani, iliki na maji ya mawaridi yatokayo Jabal Akhdar, na mpishi huikoroga kwenye sufuria kubwa ya shaba zaidi ya saa mbili bila ya kuinua mkono. Yetu ya Unguja na Pemba ilikuwa nyepesi kwa mali na nzito kwa kutafuna, ikiuzwa kwenye vikapu vidogo vya ukili, lakini ukoo ni mmoja. Angalieni maneno pia. Sinia, sahani, finjani, kahawa, tanuri, bizari: yote haya yalikuwa vinywani mwa bibi zetu, nao hawakujua kuwa wanasema Kiarabu. Wengi wao walijifunza lugha ya nchi kwa kuanzia jikoni, kwa kuwa jikoni walikuwa na mtaji wa maneno hamsini tayari, na sokoni hawakuwa na kitu. Hapo panahitaji hadhari kidogo, maana neno huvuka bahari likabadilika. Bizari kwa Mwomani ni mchanganyiko mzima wa viungo vilivyosagwa, kila nyumba na wake. Kwetu mtu akikutuma bizari nyembamba anataka kitu kimoja tu. Wangapi walirudi kutoka soko la Matrah na kifurushi kisichokuwa walichotumwa.

Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pande hizi mnamo 1331, ametuachia khabari ambayo ningependa kila nyumba yetu iijue. Yeye alikuwa mtu wa Tangier, Morocco, na kila alipofika aliandika alichokula, tabia ambayo wanahistoria wengine wanaidharau na mimi naishukuru. Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli ukapakuliwa kwenye chano kikubwa cha mti, na juu yake michuzi ya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni aliwekewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, ya pilipili, na tangawizi mbichi na maembe. Mombasa alisema watu chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, na nafaka wanaletewa kutoka pwani nyengine. Akenda Kilwa, kisha akavuka mpaka Dhofar, akaikuta migomba na minazi, na akastaajabu kuona wanyama wakilishwa dagaa. Halafu akafika Qalhat, mji uliokuwa karibu na Sur, ambao leo ni magofu. Hapo anasema alikula samaki ambaye hajapata kumla mfano wake katika nchi yoyote, akampenda kuliko nyama za kila aina. Walimchoma juu ya majani ya mti, wakamweka juu ya wali, na mchele wenyewe ukitoka Bara Hindi.

Nimeitaja khabari hii kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha kuwa wali na samaki, ambao Mmaskati hudai kuwa ni wake na Mngazija hudai ni wake na sisi tunadai ni wetu, miaka mia saba iliyopita ulikuwa chakula cha bahari nzima. Pili, dagaa. Watu wetu walipofika Batinah wakaona dagaa wameanikwa ufukweni kwa maili nzima, wakafikiri wamefika kwenye neema, kumbe sehemu kubwa ni chakula cha ng'ombe na ngamia. Ilikuwa shida kumweleza mwenyeji kuwa wewe unawataka kwa ajili ya watoto wako, uwakaange na pilipili na ndimu. Lakini wapo Waomani, khasa wa pwani, wanaowala wakavu pamoja na wali, na hao ndio tuliopatana nao upesi.

Samaki mkubwa wa Omani ni nguru, wao humwita kan'ad. Humpika kwa viungo, humchoma mzima, na humla na wali wa ndimu. Hapa hapakuwa na la kujifunza; nguru ni nguru. La kujifunza lilikuwa kwenye ndimu. Waomani wana ndimu kavu, loomi, ambazo huchemshwa katika maji ya chumvi kisha zikaanikwa juani mpaka ziwe nyeusi na nyepesi kama gamba tupu. Ukiitoboa ukaitia ndani ya mchuzi hutoa uchachu wenye moshi ndani yake, ambao ndimu mbichi haiwezi kuutoa hata ukamua kumi. Biashara yake ilikuwa kubwa zamani. Hata Wafursi huziita ndimu za Omani mpaka leo. Bibi zetu mwanzo walizitupa wakidhani zimeoza. Baadaye hapana pilau ya nyumba yetu iliyopikwa bila ya moja kuzama chini ya sufuria. Kwa bahati mbaya ugonjwa wa mindimu uliingia Batinah ukamaliza mashamba mengi katika miaka ya 1980, na leo nyingi ya loomi iliyoko dukani hutoka nje.

Na papa! Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, wasomaji wanisamehe. Mtu wa Unguja alikua akijua kuwa papa mkavu hutoka Arabuni. Humjua kwa harufu kabla ya kumwona, maana majahazi yakitia nanga Malindi mji mzima ulipata khabari. Papa alipikwa kwa tui zito, na bilingani au embe mbichi, akaliwa na wali au muhogo wa kuchemsha, na mtu akila hivyo mchana hakutaka tena kitu mpaka alfajiri. Sasa wamefika kwao papa. Wakamkuta kwa jina la 'awal, wakamkuta amechemshwa, akachambuliwa nyuzi nyuzi, akatiwa vitunguu, ndimu na pilipili, akaliwa na wali mkavu. Tui hapana. Chakula kizuri, sikatai, na siku za joto kali nakipenda zaidi kuliko chetu. Lakini wao walikuwa wamemla papa yule yule maisha yao yote ndani ya nazi, na nazi Maskati ya mwaka 1971 au 1972 ilikuwa kitu cha kutafutwa, ya kutoka Bara Hindi au Salala, ghali, na mara nyingi ukiivunja imekwisha kauka. Ndiyo sababu ukiwauliza wazee walibeba nini katika masanduku yao, utasikia msahafu, picha, kanga, na mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi ile ilikaa imeegemea ukuta miezi mingi bila ya kazi. Siku ilipofanya kazi, majirani walisikia harufu ya papa wao kwa namna wasiyoijua, wakaja mlangoni kuuliza.

Salala ilikuwa jambo jengine. Vita vya Dhofar vilipokwisha, mwishoni mwa 1975, na safari ya kusini ikawa nyepesi, jamaa zetu walianza kwenda huko wakati wa khareef, miezi ya Juni mpaka Septemba, mvua nyepesi inapoijaza milima majani. Ni kiasi cha kilomita elfu moja kutoka Maskati. Wakaona minazi imesimama safu kwa safu, migomba, mipapai, na watu kando ya njia wakiuza madafu. Ami yangu mmoja alisimamisha gari, akateremka, akaushika mnazi, akasimama hapo kwa muda mrefu hata watoto wakaanza kulia joto garini. Hakusema kitu. Alinunua madafu ishirini, na majani ya mgomba ambayo mwenye shamba alimpa bure akishangaa mtu wa Maskati anayataka ya nini.

Juu ya tende sisi tulikuwa wajinga, na ni haki kusema hivyo. Tende ya Unguja ilikuwa ile iliyoshindiliwa kwenye makanda, nyeusi, inayonata, ya kufuturia na ya kufanyia siki. Tulidhani hiyo ndiyo tende. Hakuna aliyetuambia kuwa kuna rutabu, tende mbichi inayoiva mtini katika kiangazi, nusu yake ngumu na nusu yake laini kama asali, na ambayo haisafiri kwa jahazi kwa sababu haingojei. Kwanza hutoka naghal, mapema kuliko zote, na watu huizungumza kama watu wa kwetu wanavyoizungumza embe ya mwanzo. Halafu khunaizi, nyekundu. Halafu khalas, ambayo wengi huiona bora. Iko mabsili, ambayo huchemshwa katika masufuria makubwa kisha ikaanikwa na kupelekwa Bara Hindi. Na iko fardh, ambayo katika karne ya 19 ilifika hata Marekani. Vijana wanaoijua merikebu Sultanah iliyotumwa na Seyyid Said, ikafika New York mwezi wa Aprili 1840, na wajue kuwa ilipakia tende pamoja na karafuu, kahawa na pembe za ndovu. Yaani shamba la Omani na shamba la Unguja yalikwenda pamoja kumsalimu Mmarekani.

Kahawa tulidhani tunaijua. Kwetu kahawa ni ya wanaume, ya barazani, muuzaji apita na dele lake na vikombe vikilia mkononi, unakunywa chungu, unatafuna kashata au kipande cha halua, unasikiliza khabari za mji. Hapa kahawa ni ya nyumbani, nyepesi, ina iliki, na kila mtu anaikunywa, mwanamume na mwanamke. Tende hutangulia, kahawa hufuata. Mdogo ndiye anayemimina, kwa mkono wa kushoto ameshika dele na kwa wa kulia anatoa finjani, na humimina kidogo tu; mgeni akitosheka hukitikisa kikombe, la sivyo atamiminiwa mpaka Magharibi. Mwaka 2015 UNESCO iliandika pia ukarimu huu wa kahawa katika orodha yake. Kwa mama zetu kahawa ya asubuhi ya majirani ndiyo iliyokuwa skuli. Kila siku baada ya kazi za mapema wanawake wa mtaa hukusanyika nyumba moja, kesho nyengine, na hapo ndipo mama wa Kizinjibari alipojifunza kuhesabu kwa Kiarabu, kujua nani kaposa na nani kazaa, na kuuliza mkate ule mwembamba kama karatasi unaandikwaje juu ya chuma cha moto bila ya kuunguza vidole. Mkate huo, khubz rakhal, haufanywi kwa mpini. Unga wake ni laini, hupakwa kwa kiganja, na unataka mkono mwepesi na moyo mgumu. Walioujua walihesabiwa kuwa wameingia.

Sasa nifike kwenye kitu kimoja ambacho hakikuwa na ndugu yake kwetu: shuwa. Wageni wengi wa leo huila mikahawani na hudhani ni nyama ya kuoka tu. Shuwa ni kazi ya mtaa mzima. Nyama ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia hupakwa viungo vilivyosagwa: thaumu, iliki, karafuu, bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, pilipili kavu, manjano, na siki. Huachwa inywe viungo, kisha hufungwa kwa majani ya mgomba na kutiwa ndani ya magunia yaliyosukwa kwa majani ya mtende. Wanaume huwa wamewasha moto ndani ya shimo lililojengwa ardhini, tanuri lenyewe, mpaka kuni zimalizike zibaki makaa mekundu. Magunia hutupwa ndani kwa haraka, mfuniko huwekwa, na udongo hupigwa pande zote. Hapo jicho lote ni kwa moshi. Ukitoka uzi mmoja wa moshi maana yake pumzi inaingia, na pumzi ikiingia makaa yatawaka na nyama za nyumba ishirini zitakuwa majivu. Mzee mmoja hukaa hapo na ndoo ya udongo wa maji akiziba. Baada ya siku moja, na pengine mbili, shimo hufunguliwa, na nyama inayotoka haihitaji kisu.

Desturi katika sehemu nyingi ni kuwa siku ya mwanzo ya Idi ni ya harisi au arsia, yaani wali uliopondwa na nyama mpaka ukawa kama bokoboko. Ya pili ni ya mishkaki. Ya tatu ni ya shuwa, ijapokuwa kila wilaya ina mpango wake. Magunia hutiwa alama, waya uliosokotwa namna fulani au kipande cha bati, ili kila nyumba itambue lake. Na hapa ndipo penye jambo. Nyumba isiyokuwa na gunia shimoni huletewa nyama na majirani, na huletewa nyingi, maana Waomani si bakhili. Lakini kuletewa ni kuletewa. Jamaa zetu wengi walikula shuwa ya kuletewa Idi mbili, tatu, nne. Wazee wanaikumbuka Idi waliyoulizwa kwa mara ya mwanzo gunia lao liko wapi mbona halijafika, kama vile watu wengine wanavyoikumbuka siku ya kupewa pasipoti. Na mmoja wao aliniambia kuwa pasipoti aliipata kwanza.

Ndani ya viungo vile mlikuwa na karafuu, na hili sijaona mtu akiliandika. Karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kutoka visiwa vya Kifaransa vya bahari yetu, na aliyetajwa kuhusika nayo ni Mwarabu wa Omani, Saleh bin Haramil. Jinsi mashamba yale yalivyolimwa, na jasho la watumwa waliolimishwa, ni khabari tunayowajibika kuisema hata katika kitabu cha familia, kwa kuwa wengi wa babu zetu walikuwa ndio wenye mashamba. Tufani ya Aprili 1872 iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, na tokea hapo Pemba ndiyo iliyoongoza. Baada ya 1964 mashamba yalichukuliwa na kugawiwa watu eka tatu tatu. Basi mtu aliyetoka Pemba mikono mitupu alikaa Sharqiyah anasaga viungo vya Idi, na katika kinu mlikuwa na kitu alichokipanda babu yake. Wako waliofurahi kwa jambo hilo na wako walioacha mchi wakatoka nje.

Nimeeleza tuliyoyakuta, tuliyoyaleta pia si haba. Mandazi ya iliki leo yanauzwa Maskati na hakuna anayeuliza yametoka wapi. Watoto wa Kiomani wasiokuwa na babu yeyote aliyevuka bahari huyala na chai ya maziwa asubuhi na huyaita kwa jina lake la Kiswahili. Muhogo umo sokoni, na Ramadhani bei yake hupanda, jambo ambalo kwangu ni ushahidi kuwa wanaoutaka ni wengi kuliko sisi. Mishkaki ya kando ya njia huchovywa ukwaju na pilipili, na anayeipika akiwa mtu mzima aghalabu utamsikia akimwita mwanawe kwa Kiswahili. Vitumbua havikufika mbali hivyo, vimebaki majumbani, kwa sababu vinataka chuma chake na mtu wa kuamka mapema. Mchuzi wa papa wa nazi naujua katika nyumba kadhaa ambazo hazina damu ya Unguja hata tone. Umeingia kwa ndoa, na kwa yale mabakuli yaliyokuwa yakipita mlango kwa mlango.

Wako kati yetu wanaosema kuwa tulifika hapa tukafundishwa kula, na wako wanaosema kuwa Omani haikujua chakula mpaka tulipokuja sisi na nazi zetu. Nimewasikia wote wawili, na mara nyingi nimewasikia wakiyasema hayo juu ya sinia moja, mkono mmoja kwenye shuwa na mwengine kwenye pilipili ya kukaanga. Sina haja ya kuwaamua. Nitakalo ni vipimo. Bibi zetu walipika kwa kisio, konzi hii na kikombe kile, na waliobaki wanaojua kiasi cha siki ya shuwa ya mwaka 1973, au namna walivyofanya papa bila ya tui mpaka nazi ilipopatikana, wanahesabika kwa vidole. Mwenye mama au bibi anayekumbuka na akae naye wiki hii na kalamu, aandike kwa maneno yake mwenyewe bila ya kuyasahihisha, kisha awapelekee wahariri kabla ya Shaaban, ili kitabu cha mwakani kiwe na kurasa za mapishi zenye majina ya nyumba zetu.